Kabla Hujauza Ng'ombe Ununue Chombo cha Kutafutia Hazina



Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa ofisini nikinakili majina ya watoto waliobatizwa, mara wakabisha hodi wazee watatu wa kigango cha mbali. Mmoja alikuwa amevaa koti lake la Jumapili, nami nikajua kwamba jambo lililowaleta si dogo. Baada ya kuulizana habari za nyumbani na za mvua, mkubwa wao akasema, "Mwalimu, tunaomba utufungulie vile vitabu vya Mapadre wa kwanza." Mimi si mwalimu, ni karani wa parokia, ila kwa kuwa nilisomea ualimu chuoni, jina hilo halijaniacha. Nikawauliza wanatafuta ubatizo wa nani. Wakatazamana. Kumbe hawakutafuta jina la mtu. Walitaka kujua nyumba ya kwanza ya misioni ilisimama mahali gani, maana wamesikia kwamba Wajerumani walipokimbia walizika sanduku la dhahabu chini yake. Tena walikuwa wamekwisha kuchanga shilingi laki nane, wakaniomba niwachagulie chombo cha kulitafutia.

Chombo chenyewe ni kile ambacho wachimbaji wa dhahabu hukiita detekta: fimbo ndefu yenye sahani chini na kisanduku cha betri juu, ambayo hulia sahani ikipita juu ya chuma, shaba, fedha au dhahabu iliyofunikwa na udongo.

Sikuwacheka. Nitawachekaje, na mimi mwenyewe nimo?

Miaka sita iliyopita alifika kijijini kwetu bwana mmoja mwenye mkoba wa ngozi na maneno matamu. Mkobani alikuwa na kisanduku cheusi chenye taa nyekundu, na mbele yake vijiti viwili vya shaba vilivyojigeuza huku na huku. Alisema chombo hicho huiona dhahabu toka mita 500. Tukachanga wanaume saba, na kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, ndimi niliyeshika daftari na fedha. Nilipiga mistari kwa rula, nikaandika majina na kiasi cha kila mtu kama vile naandika hesabu za parokia. Jirani yangu aliuza ng'ombe wa maziwa, na fedha ile ilikuwa ya godoro, sare na nauli ya binti yake aliyepangiwa shule ya bweni. Tulichimba shimo la kina cha watu wawili, tukapata jembe bovu moja. Siku ya tatu yule bwana akasema anakwenda mjini kununua betri. Hata leo hajarudi. Binti yule alifika shuleni nusu ya muhula imekwisha pita, na godoro lake lilinunuliwa kwa mkopo. Daftari ninalo bado katika kabati, sijathubutu kulitupa.

Basi niliwaambia wale wazee mambo ambayo mimi nilipaswa kuyajua kabla ya kulishika daftari lile. Nayaandika hapa kwa kuwa najua si kigango kimoja tu chenye wazo hili.

Kwanza, hiyo dhahabu ya Mjerumani. Si uzushi mtupu. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na vita na meli zao haziwezi tena kuleta fedha toka kwao, walipiga sarafu Tabora kwa mitambo ya karakana ya reli. Walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, na dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Lakini ngoja tufanye hesabu kidogo, kama darasani. Sarafu zilizopigwa zilikuwa 16,198. Kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 7 na kidogo, na robo yake haikuwa dhahabu. Ukizidisha, dhahabu safi yote iliyotumika inafika kama kilo 87. Hiyo ni yote, kwa nchi nzima, nayo ilitolewa kulipia watu na vitu, ikasambaa. Sarafu hizo hata leo hununuliwa na kuuzwa na wakusanyaji wa sarafu huko Ulaya. Karibu na hizo walipiga pia hela za shaba, nyingine kwa maganda ya mizinga. (Neno letu "hela" lilitoka kwao, kwa sarafu yao iliyoitwa Heller.) Sasa nakuuliza, ndugu msomaji: jeshi linaloyeyusha maganda ya mizinga lipate hela za kulipia watu, litaacha masanduku ya dhahabu chini ya kila kichuguu?

Kitu kikubwa ambacho tunajua kwa hakika kwamba walikificha kilikuwa meli. Julai 1916 waliizamisha Götzen karibu na Kigoma, mitambo yake wakiwa wameipaka mafuta mazito isishikwe na kutu, wapate kuiibua baadaye. Waingereza ndio walioiibua mwaka 1924, nayo ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916, na Wajerumani walikuwa wanarudi nyuma kwa miguu, na mizigo vichwani mwa wapagazi. Mtu anaweza kudondosha sarafu njiani, hilo nakubali. Sarafu moja au kumi zilizodondoka, au chungu kidogo cha akiba alichokizika babu asiyeamini benki, hivyo ndivyo mtu anavyoweza kutazamia. Ukitafuta kitu cha namna hiyo, chombo cha bei ya kadiri chatosha. Ukitafuta sanduku la hadithi, hakuna chombo kitakachotosha.

Tuje kwenye chombo. Ndani ya sahani mna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Betri hupitisha humo umeme unaogeuka-geuka, nao huzaa nguvu ya sumaku inayoshuka udongoni. Nguvu ile ikikuta metali huamsha ndani yake umeme mdogo, na umeme huo nao hurudisha juu nguvu yake dhaifu. Chombo huisikia, kikalia. Hakuna siri zaidi ya hiyo. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule aliyetengeneza simu, alijaribu kwa njia hiyo kuitafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani aliyekuwa amepigwa risasi. Hakuipata. Sababu moja ni kwamba Rais alilazwa juu ya godoro lenye springi za chuma, na zile springi zilivuruga sauti. Mwanachuoni mkubwa vile alidanganywa na kitanda! Nasi tutadanganywa na misumari ya bati, vizibo vya soda na vijembe vya bibi zetu.

Ona basi kwamba nguvu ile hushuka na kurudi, na kila safari huzidi kuchoka. Kwa kitu kidogo, ukiongeza umbali mara mbili, mwangwi unaorudi hubaki kama sehemu moja ya 64. Ndiyo sababu hata chombo kizuri cha bei ya kadiri hukiona kisarafu kwa sentimita 20 hadi 30 hivi, tena katika udongo mpole. Chungu kilichojaa sarafu au sanduku la chuma laweza kusikika karibu mita moja. Viko vyombo vyenye visanduku viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, vinavyosikia kitu kikubwa kwa mita mbili au zaidi, lakini vyombo hivyo havikioni kisarafu hata kikiwa juu juu. Mwaka 1980 huko Kingower, Australia, Kevin Hillier alipata kwa detekta bonge la dhahabu la zaidi ya kilo 27, nalo lilikuwa sentimita 30 tu chini ya ardhi. Mtu akikuambia chombo chake huona sarafu kwa mita 10, au dhahabu toka kilima cha pili, mwage kwa adabu umfungulie mlango.

Hapo wazee waliniuliza, "Sasa laki nane yatosha au haitoshi?" Yatosha, ikiwa mtu anajua anachokitafuta, na ikiwa fedha hiyo haitoki kwenye godoro la mtoto.

Huku kwetu jambo la kwanza kutazama ni udongo. Udongo wetu mwekundu umejaa chuma, nao wenyewe hukifanya chombo kilie bure au kinyamaze pasipostahili. Hivyo nunua chombo kinachoweza kusawazishwa na udongo, yaani unakiinua na kukishusha juu ya ardhi tupu, ukikirekebisha mpaka kizoee sauti ya udongo ule na kunyamaza. Garrett ACE 250 ya Marekani ni maarufu, rahisi kutumia, na hutumia betri nne ndogo za kawaida ambazo hata duka la kijijini huziuza. Lakini usawazishaji wake umekwisha kuwekwa kiwandani, huwezi kuugeuza, na katika udongo mwekundu hilo ni kasoro kubwa. Nokta Simplex ya Uturuki, iliyotoka mwaka 2019, husawazishwa na mwenye nayo, na sahani yake haiogopi maji. Bei ya vyombo vya jamii hiyo vikiwa vipya ni kama dola 250 hadi 300 za Marekani huko vinakotoka, nazo ni karibu laki saba hadi nane kwa fedha zetu, kabla ya nauli na ushuru. Betri yake imo ndani na huchajiwa kwa waya, basi asiye na umeme wala sola afikirie kwanza atachajia wapi. Nayataja majina haya kwa mfano tu, sipati hata senti kwa yeyote. Chombo kilichotumika, kikiwa kizima, si aibu: Terry Herbert, aliyeifukua hazina kubwa ya dhahabu ya Staffordshire huko Uingereza mwaka 2009, alikuwa na detekta ya zamani ambayo yasemekana aliinunua mnadani kwa pauni mbili na nusu.

Wanaotafuta punje za dhahabu ya asili, si sarafu, habari yao ni nyingine. Punje ndogo yataka chombo ambacho umeme wake hugeuka upesi zaidi, mathalani Minelab Gold Monster 1000, ambayo hugeuza mara 45,000 kwa sekunde, na bei yake ni mara tatu hivi ya zile za kwanza. Vile vyombo vikubwa vya mapigo, vinavyostahimili udongo mwekundu kuliko vyote, bei yake ni maelfu ya dola. Na hapo jihadhari, maana Minelab GPX 5000 za bandia zimeenea sana katika Afrika, nazo zafanana na za kweli kama pacha na pacha. Ukiona ya bei ya kutupa, tazama namba yake na uulize kwa wakala wa kampuni kabla ya kutoa shilingi moja. Kwa mtu wa laki nane shauri langu ni kuachana na jamii hiyo kabisa.

Yako maneno mengi juu ya kisanduku cha kuchagua, kile kinachosema "hiki ni chuma, hiki si chuma." Kina msaada wake. Lakini karatasi ya sigara inayong'aa, au kipande cha kopo la bia, hulia karibu sawa na pete ya dhahabu. Anayekataa kufukua takataka atakataa na pete pia. Kwa hiyo mfuko wa takataka na koleo dogo ni sehemu ya vifaa, na uvumilivu ndio sehemu ghali.

Sasa kupima, na hapa ndipo nataka ukae usome polepole, kwa sababu kipimo hiki kingeliokoa ng'ombe wa jirani yangu. Usikubali kuonyeshwa chombo juu ya meza dukani. Mwambie muuzaji aje kwenye udongo wako. Chukua sarafu isiyonatwa na sumaku, pete ya fedha, na msumari. Fukia kila kimoja mahali pake, sarafu moja sentimita 10, nyingine 20, nyingine 30. Fukia na shimo moja tupu, bila kitu chochote, kusudi udongo uliochimbuliwa usimwonyeshe njia. Mwenye kufukia asiwepo wakati wa kupima, maana macho ya mtu husema hata kinywa kikinyamaza. Chombo cha kweli kitapata la sentimita 10 bila shaka, la 20 huenda, na la 30 usishangae likikosekana.

Kwa yule mwenye vijiti vinavyojigeuza, kipimo ni chepesi zaidi. Funika mabakuli kumi sawasawa, chini ya moja weka pete, kisha rudia mara kumi ukiibadili mahali. Kwa kubahatisha tu atapata kama mara moja. Akisema kwamba chombo hakipendi mabakuli, au kwamba kati yenu yupo mwenye mkosi, umekwisha kupata jibu. Usidhani ni sisi wa vijijini tu tunaodanganywa. Mwingereza mmoja, James McCormick, aliiuzia serikali ya Iraq na nchi nyingine vyombo vilivyoitwa ADE 651, eti vya kutambua mabomu. Vilikuwa mshikio na antena, ndani hamna kitu cha kufanya kazi, na asili yake ni mchezo wa kutafutia mipira ya gofu uliouzwa kama dola 20. Vilisimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani huku mabomu yakipita. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga miaka kumi. Majenerali na mawaziri walinunua. Hilo lilinituliza kidogo nilipolisoma, lakini halikumrudisha ng'ombe.

Liko jambo la sheria, nalo wazee hawakulipenda. Ardhi ina mwenyewe, na hata ukiwa shambani kwako si kila kilichomo ni chako. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, hairuhusiwi kuchimbua mabaki ya kale bila kibali, na anayekuta kitu cha kale hana budi kutoa taarifa serikalini. Anayetafuta dhahabu ya asili naye anahitaji leseni ya uchimbaji mdogo kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na mahali pa kuiuzia ni kwenye masoko ya madini yaliyofunguliwa tangu 2019. Mtu asifikiri sheria hii ni ya kuwaonea maskini. Mwaka 1984 wataalamu walikuta huko Mtambwe Mkuu, Pemba, sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu, zote mahali pamoja. Kwa kuwa zilifukuliwa kwa utaratibu, twajua leo kwamba watu wa pwani yetu walikuwa na fedha zao wenyewe yapata miaka 900 na zaidi iliyopita. Mwenye sururu angaliziyeyusha jioni ile ile.

Aliyenipendeza kuliko wote ni Eric Lawes wa Hoxne, Uingereza. Novemba 1992 alikuwa anatafuta nyundo ya rafiki yake mkulima iliyopotea shambani. Detekta ikalia, akakuta dhahabu na fedha za Warumi, sarafu karibu 15,000 na vijiko na vikuku. Aliona kidogo tu, akaacha kuchimba, akatoa taarifa, wataalamu wakaja kuzifukua. Serikali ikamlipa, naye akagawana na mwenye shamba. Nyundo nayo ilipatikana. Thawabu kama ile ya Uingereza usiihesabu huku kwetu, ila ule uangalifu wake waweza kuigwa popote.

Uangalifu wataka na shimo. Lile shimo letu la kina cha watu wawili halikuwa na mbao za kuzuia kuta, na vijana wetu walikuwa ndani. Nikilikumbuka usiku huamka. Na walio karibu na mahali palipopiganwa, kama Tanga mwaka 1914 au Mahiwa mwaka 1917, wakifukua chuma kizito chenye umbo la chupa na ncha, wasikigonge, wasikibebe nyumbani. Waweke alama na kuwaita polisi. Vitu hivyo havizeeki kama sisi.

Vitabu vya Mapadre wa kwanza nilivifungua mbele yao, kwa idhini ya Baba Paroko. Nyumba ya kwanza imetajwa mara nyingi: ilivuja, mchwa wakaila, ikabomolewa. Sanduku halikutajwa. Isitoshe mahali penyewe pamezungukwa na makaburi, na hapo hakuna wa kutia koleo, awe na detekta au asiwe nayo.

Wazee hawajaamua. Mmoja anataka fedha yake irudi, nami nimemwunga mkono, kwa sababu ninajua ilitoka wapi. Wawili bado wana hamu, wanasema wataanza na kiwanja cha mnada wa zamani, ambako watu wamedondosha sarafu miaka mingi, na mwenye kiwanja amekubali. Kijana mmoja wa mjini mwenye Simplex iliyotumika ataileta Jumamosi ijayo saa tatu tuipime. Daftari safari hii nimekataa kulishika. Sarafu, pete na msumari vimekwisha kufukiwa nyuma ya ofisi. Katekista ndiye anayejua mahali, naye siku hiyo atakuwa kigangoni. Mimi sijui, ila nimewaona kuku wa Baba Paroko wakiparua karibu na mwembe, na nina wasiwasi kidogo.